Seva ya Git Inapokataa: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Git ni programu ya kutunza historia ya msimbo na kuupeleka kwenye seva ya pamoja. Mtu anapolalamika kwamba "Git imekataa", huwa anazungumzia moja kati ya mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. Huenda kompyuta yake haijaifikia seva kabisa. Huenda imeifikia, lakini seva haijamtambua. Au imemtambua vizuri tu, ila hana ruhusa ya kufanya anachotaka. Muda mwingi hupotea kwa sababu watu hushughulikia jambo la pili wakati kasoro iko kwenye la kwanza au la tatu. Mtu anatengeneza funguo mpya za SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kwa ufunguo wa kidijitali) moja baada ya nyingine, kumbe fayawoli, yaani kizuizi cha usalama cha mtandao wake, ndiyo iliyofunga poti (mlango wa mawasiliano). Anabadilisha nenosiri, kumbe jina la hazina ya msimbo limekosewa herufi moja. Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa dalili, yaani kwa ujumbe unaojitokeza kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), na chini ya kila dalili sababu zinafuatana kuanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi.

Kabla ya kugusa chochote

Fungua terminali ndani ya folda ya mradi, kisha andika:

    git remote -v

Anwani inayoanza na git@ au ssh:// inatumia SSH, na kinachohitajika hapo ni jozi ya funguo, mmoja wa siri na mwingine wa umma. Anwani inayoanza na https:// inatumia jina la mtumiaji pamoja na tokeni (siri ndefu inayotumika badala ya nenosiri) au nenosiri. Wapo wengi wanaopakia ufunguo wao kwenye akaunti, wakaendelea kuulizwa nenosiri na kudhani seva ina hitilafu, ilhali anwani ya mradi ni ya HTTPS na ufunguo ule hautazamwi kabisa. Ukitaka kuhamia SSH, badilisha anwani hivi:

    git remote set-url origin git@git.example.com:timu/mradi.git

Jambo la pili ni kusoma ujumbe wa hitilafu tangu mstari wa kwanza. Kwenye SSH, Git humalizia karibu kila kushindwa kwa maneno yaleyale: "Please make sure you have the correct access rights and the repository exists." Mstari huo hutokea hata pale ambapo ruhusa zako ni sahihi na hazina ipo, kwa kuwa Git yenyewe haijui kilichotokea, inajua tu kwamba SSH imerudi mikono mitupu. Sababu halisi imeandikwa juu yake, na ndiyo unayopaswa kuinakili unapoomba msaada.

Jambo la tatu ni kumuuliza mwenzako mmoja kama naye amekwama. Ikiwa timu nzima imekwama kwa wakati mmoja, iache kompyuta yako kama ilivyo, angalia ukurasa wa hali ya huduma ikiwa upo, na umjulishe msimamizi wa seva. Mipangilio iliyobadilishwa ovyo wakati seva imezimwa huleta matatizo ya pili baada ya seva kurudi.

Dalili: "Could not resolve host"

Kompyuta imeshindwa kulibadilisha jina la seva kuwa anwani ya IP, kwa hiyo haijafika popote, na suala la funguo au nenosiri halijaanza. Kwanza hakiki jina herufi kwa herufi. Pili, angalia kama intaneti inafanya kazi kwa tovuti nyingine. Tatu, ikiwa seva ni ya ndani ya taasisi, hakikisha VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa taasisi ukiwa nje) imeunganishwa, kwa sababu majina ya seva za ndani mara nyingi hutambuliwa na DNS (huduma ya kutafsiri majina kuwa anwani za IP) ya ndani pekee. Amri ya nslookup ikifuatiwa na jina la seva itakuonyesha kama jina linapatikana na linaelekea wapi.

Sababu isiyo ya kawaida sana, ambayo huwasumbua watu baada ya seva kuhamishwa, ni mstari wa zamani uliobaki katika faili la hosts la kompyuta (orodha yake yenyewe ya majina na anwani). Hapo hutaona ujumbe huu. Utapelekwa kwenye anwani ya zamani na kukutana na mojawapo ya dalili zinazofuata.

Dalili: "Connection timed out" au "Connection refused"

Jumbe hizi mbili huchukuliwa kama kitu kimoja, lakini zinaelekeza pande tofauti. Ya kwanza inamaanisha kwamba ombi lako limetumwa na hakuna aliyejibu. Mara nyingi kuna fayawoli njiani inayolitupa kimyakimya. Ya pili inamaanisha kwamba jibu limerudi, nalo ni la kukataa: kwa kawaida mashine ipo, ila hakuna huduma inayosikiliza kwenye poti uliyoigonga. SSH hutumia poti 22 na HTTPS poti 443, lakini wasimamizi wengi wa seva za ndani huihamishia SSH kwenye poti nyingine. Jaribu poti yenyewe bila kuihusisha Git. Kwenye Linux na macOS:

    nc -vz git.example.com 22

Kwenye Windows, ndani ya PowerShell:

    Test-NetConnection git.example.com -Port 22

Ikiwa poti 22 haifunguki lakini 443 inafunguka, karibu hakika mtandao uliopo umezuia SSH, jambo la kawaida katika mitandao ya ofisi, hoteli na vyuo. Njia nyepesi ya kuthibitisha ni kuunganisha kompyuta kwenye intaneti ya simu na kurudia jaribio. Ukishathibitisha, ama hamia HTTPS, ama tumia SSH kupitia poti 443 pale seva inaporuhusu. GitHub huitoa huduma hiyo kwenye ssh.github.com, GitLab.com kwenye altssh.gitlab.com, na Bitbucket kwenye altssh.bitbucket.org. Kwa GitHub, ongeza mistari hii katika faili la ~/.ssh/config:

    Host github.com
      Hostname ssh.github.com
      Port 443
      User git

Ukiwa nyuma ya proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano) ya taasisi na unatumia HTTPS, angalia kama Git inaijua proksi hiyo kwa amri ya git config --get http.proxy. Kinyume chake pia hutokea: mtu ameondoka kazini na laptopu yake, mpangilio wa proksi ya ofisi umebaki, na Git inatafuta proksi isiyopatikana nyumbani. Uondoe kwa git config --global --unset http.proxy, kisha uangalie pia vigeu vya mazingira HTTPS_PROXY na ALL_PROXY.

Ikiwa kila kitu kinakwenda sawa kwenye intaneti ya simu na mtandao wa kawaida unakataliwa na seva hii moja tu, inawezekana anwani yako ya IP imefungiwa na programu ya ulinzi kama Fail2ban, ambayo huzuia anwani inayoshindwa kuingia mara kadhaa mfululizo. Acha kujaribu tena na tena, kwa maana kila jaribio linaweza kurefusha kifungo hicho, na mwombe msimamizi aifungue anwani baada ya kujua ni mashine gani inayoshindwa.

Jamaa ya dalili hii ni ujumbe unaoanza na "kex_exchange_identification" na kueleza kwamba muunganisho umefungwa na upande wa pili. Ukitokea mara moja moja tu, hasa wakati kazi nyingi za kiotomatiki zinaanza kwa pamoja, msimamizi aangalie kipengele cha MaxStartups katika mipangilio ya sshd, huduma ya SSH kwenye seva. Thamani yake ya kawaida ni 10:30:100: miunganisho ambayo haijathibitishwa ikifika 10, sshd huanza kukataa asilimia 30 ya mipya, na ikifika 100 hukataa yote. Kabla ya kuongeza namba hizo, ni vyema kuzipanga kazi zile zisianze kwa sekunde moja.

Dalili: "Permission denied" pamoja na neno "publickey"

Hili ndilo lalamiko linalojirudia kuliko yote. Habari njema iliyomo ndani yake ni kwamba mtandao ni mzima na seva imefikiwa. Kilichobaki ni utambulisho. Usitengeneze ufunguo mpya kwanza. Iulize SSH inafanya nini:

    ssh -vT git@git.example.com

Amri hii itamwaga mistari mingi, lakini ya kutafutwa ni michache. Mstari wenye "Offering public key" unaonyesha ufunguo uliopelekwa mbele ya seva, pamoja na njia ya faili lake. Mstari wenye "Server accepts key" unaonyesha kwamba seva inautambua. Ukiona ufunguo umepelekwa lakini hakuna mstari wa kukubaliwa, seva haiujui. Usipoona ufunguo wowote ukipelekwa, basi kasoro iko kwenye kompyuta yako. Mistari hiyo miwili inagawa sababu zote zilizobaki katika mafungu mawili.

Ufunguo unapopelekwa na kukataliwa, sababu ya kwanza ni kwamba haujasajiliwa kwenye akaunti, au umesajiliwa mwingine. Linganisha alama ya kidole (muhtasari mfupi unaoutambulisha ufunguo) ya ufunguo wako na ile inayoonyeshwa kwenye ukurasa wa akaunti:

    ssh-keygen -lf ~/.ssh/id_ed25519.pub

Zisipofanana, pakia maudhui ya faili lenye mwisho wa .pub, mstari mzima bila kukatwa katikati. Sababu ya pili ni jina la mtumiaji katika anwani: kwenye GitHub na GitLab jina hilo ni git kwa kila mtu, nawe ukiandika jina lako mwenyewe utakataliwa hata kama ufunguo ni sahihi. Sababu ya tatu ni kuwa na funguo nyingi. Seva ya OpenSSH kwa kawaida huruhusu majaribio 6 kwa muunganisho mmoja, na kila ufunguo unaopelekwa unahesabiwa. Mwenye funguo kumi kwenye wakala wa SSH (programu inayoshika funguo kwenye kumbukumbu) anaweza kufungiwa kabla ufunguo sahihi haujafikiwa, na hapo ujumbe huwa "Too many authentication failures". Iambie SSH itumie ufunguo mmoja tu kwa seva hiyo:

    Host git.example.com
      User git
      IdentityFile ~/.ssh/ufunguo_wa_kazi
      IdentitiesOnly yes

Ikiwa hakuna ufunguo unaopelekwa, angalia kwanza jina la faili. SSH hutafuta yenyewe majina machache ya kawaida kama id_rsa, id_ecdsa na id_ed25519; ufunguo ulioupa jina lako haitauona mpaka uutaje katika IdentityFile au uuongeze kwenye wakala kwa ssh-add. Amri ya ssh-add -l itakuonyesha kilichomo kwenye wakala, na jibu la "The agent has no identities" si geni baada ya kompyuta kuwashwa upya. Kisha angalia ruhusa za faili. Ukiona tangazo kubwa la "UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE", SSH imekataa kuutumia ufunguo kwa sababu watumiaji wengine wa kompyuta wanaweza kuusoma, na dawa yake ni chmod 600 kwenye faili hilo. Mwisho, jiulize kama umetanguliza sudo (amri ya kutenda kama msimamizi mkuu, yaani root) mbele ya amri ya git. Ukifanya hivyo, SSH inatafuta funguo za mtumiaji root, si zako, na kwa kawaida root hana. Folda isiyoandikika hurekebishwa kwa kumrudishia mwenyewe umiliki wake, si kwa sudo.

Kuna sababu moja inayowapata watu baada ya kusasisha kompyuta, na huwashangaza kwa kuwa ufunguo wao haukubadilika. OpenSSH toleo la 8.8, lililotoka Septemba 2021, liliacha kukubali saini za RSA (aina ya ufunguo) zinazotumia SHA-1 (hesabu ya kutengeneza muhtasari wa data), ambazo zimeshakuwa dhaifu. Seva ya zamani isiyojua saini mpya itashindwa kuelewana na programu mpya, na kati ya mistari ya -v utaona "no mutual signature algorithm". Ufunguo wako wa RSA hauna kosa. Seva ndiyo iliyozeeka. Kutengeneza ufunguo wa Ed25519, aina mpya zaidi, kwa ssh-keygen -t ed25519 kutakutoa kwenye mkwamo endapo seva inauelewa, lakini suluhisho la kweli ni kuisasisha seva. Mpangilio wa PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa uwekwe kwa seva hiyo pekee, kwa muda, na kamwe usiwe chini ya Host *, yaani kwa seva zote.

Wasimamizi wa seva wanapaswa kutazama upande wao pia. Katika seva rahisi inayotumia faili la authorized_keys, sshd hulipuuza faili hilo ikiwa folda ya nyumbani ya mtumiaji, folda ya .ssh au faili lenyewe linaweza kuandikwa na wengine. Mtumiaji huona "Permission denied" tupu, lakini logi (kumbukumbu za matukio) ya seva, ambayo mara nyingi huwa /var/log/auth.log kwenye Debian na /var/log/secure kwenye Red Hat, husema waziwazi: "Authentication refused: bad ownership or modes". Ruhusa zinazofaa ni 700 kwa .ssh na 600 kwa authorized_keys. Ikiwa ruhusa ni sahihi na SELinux (mfumo wa ziada wa ulinzi wa Linux) inatumika, restorecon -Rv ~/.ssh hurejesha lebo za usalama zilizoharibika wakati mafaili yalipohamishwa. Usiwahi kufunga kikao chako cha SSH kilicho wazi kabla ya kuthibitisha, kwenye dirisha la pili, kwamba mipangilio mipya ya sshd inakuruhusu kuingia. Amri ya sshd -t huikagua kabla ya kuiwasha huduma upya.

Dalili: "Authentication failed" kwenye HTTPS

Sababu kubwa ni kutumia nenosiri la akaunti mahali panapodai tokeni. GitHub iliacha kupokea manenosiri ya akaunti kwa kazi za Git tarehe 13 Agosti 2021, na kwenye GitLab mtu aliyewasha uthibitishaji wa hatua mbili hawezi kutumia nenosiri lake kwenye terminali. Nenosiri hilohilo linafanya kazi kwenye kivinjari, na ndiyo maana watu huamini Git imeharibika. Tengeneza tokeni ya binafsi katika mipangilio ya akaunti, uipe mamlaka ya kusoma na kuandika hazina, kisha uibandike pale unapoulizwa nenosiri. Terminali haitaonyesha herufi wala nyota unapobandika. Hiyo ni hali ya kawaida.

Ikiwa ulikuwa ukiingia bila shida mpaka jana, basi ama tokeni imekwisha muda, ama kompyuta inaendelea kupeleka siri ya zamani iliyoihifadhi. Ujue ni kihifadhi gani kinatumika:

    git config --show-origin --get-all credential.helper

Kwenye Windows siri huwa katika Credential Manager, na kwenye macOS huwa katika Keychain. Unaweza kufuta kumbukumbu husika kwa mkono, au kuiambia Git iitupe:

    printf "protocol=https\nhost=git.example.com\n\n" | git credential reject

Jihadhari na kihifadhi kinachoitwa store, kwa sababu huandika siri bila usimbaji katika faili la ~/.git-credentials. Jihadhari zaidi na desturi ya kuipachika tokeni ndani ya anwani ya mradi: itabaki katika .git/config, katika historia ya terminali, na mara nyingi katika logi za kazi za kiotomatiki. Tokeni iliyoonekana hivyo ibatilishwe mara moja na kutengenezwa nyingine, hata kama aliyeiona ni mwenzako.

Katika taasisi zinazotumia saraka kuu ya watumiaji kama LDAP au Active Directory kuna kisa kinachofaa kuelezwa kwa urefu. Mtu anabadilisha nenosiri, anaingia vizuri, na baada ya dakika chache akaunti inafungwa. Inafunguliwa, inafungwa tena. Kwa kawaida kuna mashine nyingine, labda laptopu ya zamani, programu ya kuhariri msimbo inayochungulia mabadiliko kila baada ya muda, au kazi ya kiotomatiki iliyosahaulika, inayoendelea kupeleka nenosiri la zamani mpaka saraka ikaamua kwamba kuna shambulio. Kufungua akaunti bila kuipata mashine hiyo hakusaidii. Hapa mtumiaji asimame na kumwita msimamizi, kwa sababu ni logi za saraka pekee zinazoonyesha anwani ya IP ambako majaribio yanatoka.

Ukikwama kwenye ukurasa wa kivinjari wenyewe, na namba za hatua ya pili zinakataliwa kila mara, rekebisha saa ya simu iwe ya kiotomatiki kabla ya lolote. Namba hizo kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30 na hukokotolewa kutokana na saa, hivyo simu iliyochelewa dakika chache hutoa namba zisizokubalika. Ikiwa simu imepotea, tumia namba za akiba ulizopewa ulipowasha huduma. Usipokuwa nazo, msimamizi au watoa huduma ndio wenye uwezo wa kukurejesha.

Dalili: "Repository not found" au hitilafu ya 403

Umetambuliwa, lakini mlango huu si wako, au unadhaniwa kuwa mtu mwingine. Anza na tahajia ya anwani, kisha angalia kama mradi umehamishwa au kubadilishwa jina. Fahamu kwamba GitHub na GitLab humjibu asiye na ruhusa kwamba hazina haipo, ili kutofichua uwepo wa miradi ya siri. Kwa hiyo "haipo" inaweza kumaanisha "hujaalikwa". Mwenye akaunti mbili, ya kazi na ya binafsi, aendeshe ssh -T git@github.com na asome jina analosalimiwa nalo. Likiwa jina la akaunti isiyohusika, ufunguo usio sahihi ndio uliotangulia, na mpangilio wa IdentitiesOnly ulioonyeshwa juu utamaliza tatizo.

Unapoweza kuvuta mabadiliko kutoka kwenye seva lakini huwezi kuyasukuma kwenda huko, tokeni yako inaweza kuwa ya kusoma tu, au tawi (mkondo wa mabadiliko wa mradi) limelindwa. Tawi lililolindwa si hitilafu: sukuma mabadiliko yako kwenye tawi lingine na uombe yaunganishwe kwa utaratibu wa timu.

Dalili: "REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED"

Hapa simama. SSH inakuambia kwamba seva uliyoizoea imejitambulisha kwa ufunguo tofauti na ule ulioukubali zamani. Mara nyingi sababu ni halali: seva imejengwa upya, au anwani imepewa mashine mpya. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub yenyewe ilibadilisha ufunguo wake wa RSA baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi katika hazina ya umma, na watu wengi duniani waliamkia onyo hili. Lakini onyo hilohilo ndilo ungeliona kama mtu angejiweka kati yako na seva, na kwa kulitazama tu huwezi kutofautisha.

Pata alama ya kidole mpya kwa njia nyingine, yaani kutoka kwenye ukurasa rasmi wa huduma au kwa kumpigia simu msimamizi, ambaye huisoma kwenye seva kwa ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub. Kisha ondoa rekodi ya zamani:

    ssh-keygen -R git.example.com

Unganisha tena, na ulinganishe alama utakayoonyeshwa kabla ya kuandika yes. Ushauri unaozagaa wa kuweka StrictHostKeyChecking no ni wa hatari, kwani unaondoa ulinzi kwa siku zote ili kuepuka usumbufu wa dakika tano. Kama hakuna anayeweza kueleza kwa nini ufunguo umebadilika, usiunganishe, na upeleke taarifa kwa wahusika wa usalama.

Dalili: "SSL certificate problem"

Soma nusu ya pili ya ujumbe. Ukitaja kwamba cheti (hati ya kidijitali inayothibitisha utambulisho wa seva) kimekwisha muda, angalia saa na tarehe ya kompyuta yako kwanza. Zikiwa sahihi, msimamizi ndiye wa kukihuisha. Vyeti vya Let's Encrypt kwa kawaida vimekuwa vya siku 90, hivyo kazi ya kiotomatiki ya kuvihuisha ikikwama, seva hukataliwa miezi michache baadaye bila mtu kukumbuka chanzo. Kompyuta za zamani zina shida yao wenyewe: cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3 kilikwisha tarehe 30 Septemba 2021, na mifumo isiyosasishwa iliacha kuviamini vyeti vilivyokuwa bado hai.

Ukisema "unable to get local issuer certificate", kuna uwezekano wa aina tatu. Taasisi ina mamlaka yake ya vyeti ambayo kompyuta yako haijaijua. Proksi inafungua na kufunga upya mawasiliano kwa cheti chake. Au seva haitumi vyeti vya kati, vinavyokiunganisha cheti chake na cheti cha mzizi kinachoaminika. Kivinjari kufungua ukurasa bila lawama si ushahidi kwamba seva ni sawa, kwa kuwa vivinjari vingi huweza kujitafutia vyeti vya kati vinavyokosekana. Msimamizi ahakiki mnyororo kwa openssl s_client -connect git.example.com:443 -showcerts. Mtumiaji, kwa upande wake, apokee cheti cha mamlaka ya ndani kutoka kwa msimamizi na akielekeze kwa seva hiyo tu:

    git config --global http.https://git.example.com/.sslCAInfo /njia/ya/cheti.pem

Kwenye Windows, http.sslBackend ikiwekwa schannel, Git hutumia vyeti ambavyo Windows yenyewe inaviamini. Usizime http.sslVerify. Tokeni yako inapita katika muunganisho huohuo, na bila uhakiki wa cheti unaikabidhi kwa yeyote atakayejibu.

Dalili: muunganisho unakatika katikati

Jumbe za "early EOF" na "the remote end hung up unexpectedly" hutokana zaidi na mtandao dhaifu unaposhusha hazina kubwa. Shusha historia fupi kwanza kwa git clone --depth 1, kisha uikamilishe kwa git fetch --unshallow ukiwa kwenye mtandao imara. Kwa SSH inayokatika ikiwa kimya, ServerAliveInterval 60 katika ~/.ssh/config husaidia.

Kuongeza http.postBuffer ni ushauri unaotolewa kila mahali, ila kwa matatizo mengi hautibu chochote. Hitilafu ya 413 (ombi kubwa mno) wakati wa kusukuma hutoka kwenye kikomo cha seva: Nginx, programu ya seva ya wavuti, kwa kawaida hupokea mwili wa ombi usiozidi megabaiti 1 mpaka msimamizi apandishe client_max_body_size. Na pale watumiaji wote wanapoweza kuvuta lakini hakuna anayeweza kusukuma, msimamizi aangalie diski kwa df -h, kisha df -i, kwa maana diski yenye nafasi inaweza kuwa imeishiwa na nafasi za kusajili mafaili (inode). Asifute kitu ndani ya folda za hazina ili kupata nafasi. Afute logi za zamani au aongeze diski, baada ya kuhakikisha nakala rudufu ipo.

Kwa wanaotumia Subversion

Subversion ni mfumo mwingine wa kutunza historia ya msimbo, na mpangilio wa fikra ni uleule. svnserve, seva yake, husikiliza poti 3690, na siri zilizohifadhiwa huwa katika ~/.subversion/auth, ambako ya zamani hufutwa. Msimbo E170013 unamaanisha muunganisho umeshindwa, na E170001 unamaanisha umekataliwa idhini. Msimamizi anayehariri svnserve.conf ahakikishe mstari alioufungua kwa kuondoa alama ya # hauanzi na nafasi tupu, kwa sababu nafasi hiyo hulifanya faili lote lishindwe kusomeka.

Unapomwita msimamizi

Mpelekee amri uliyoiandika, ujumbe wote wa hitilafu, saa kamili ya tukio pamoja na ukanda wa saa, anwani yako ya IP, na matokeo ya ssh -vT. Kwa HTTPS, endesha amri ukiitanguliza GIT_CURL_VERBOSE=1, na kabla ya kutuma pitia matokeo ukiondoa chochote kinachofanana na tokeni. Kuhusu ufunguo, mtumie alama ya kidole au faili la .pub pekee. Msimamizi hana haja ya ufunguo wako wa siri kwa jambo lolote. Ikitokea umeutuma kwa bahati mbaya, ufute kwenye akaunti zote zinazoutumia, utengeneze mwingine, na umwambie leo hiihii ili aangalie kama umetumika.